Nimealikwa nitundike michoro yangu ya vitabu vya watoto ukutani. Nianzie wapi?

Penseli Butu ameuliza:

Habari za humu jamani. Mimi ni mchoraji wa vitabu vya watoto, mwaka wa 16 sasa, vitabu 9. Si mgeni hapa, ila kawaida yangu ni kusoma na kuondoka kimyakimya. Leo nimekwama.

Nimealikwa kuwa msanii mgeni katika jumba moja la sanaa kwa wiki 6. Picha zangu zitatundikwa, na mimi mwenyewe nitakuwa pale siku tatu kila wiki: nitapewa meza kwenye kona, nichore huku watu wananitazama, na madarasa ya watoto yakija nizungumze nao. Nimebakiwa na wiki 14. Ukuta nilioonyeshwa una urefu wa mita 22. Siku ya kwanza nilishangilia nikaruka. Siku ya pili nikavuta droo.

Droo yenyewe ni ile pana ya chini, ya karatasi kubwa, na sijaipekua vizuri tangu kitabu cha tano. Picha ya kwanza kutoka ilikuwa ya sungura anayevuka mto. Kitabuni watu wanaipenda sana, na kuna mama aliwahi kuniambia mwanawe huibusu kabla ya kulala. Nikaiegemeza ukutani juu ya kabati, nikarudi nyuma hatua nne. Ilikaa kama mgeni aliyesimama katikati ya sebule ya watu, anasubiri kuonyeshwa kiti. Sungura yuko chini kabisa, kushoto. Juu yake anga tupu, nusu nzima ya karatasi haina kitu. Si kwamba nilivivia: pale ndipo mistari minne ya maneno ilipokaa. Katikati nao mto ni maji matupu, hakuna samaki wala jiwe, kwa sababu hapo ndipo kurasa mbili zinapokutana kwenye mshono, na chochote utakachochora hapo kinamezwa. Kando zote nimepaka rangi ikapita mwisho wa ukurasa kwa milimita 3, ya kuliwa na mashine ya kukatia. Yaani kila kilichokuwa akili kitabuni, ukutani kimekuwa kasoro.

Halafu uso wa sungura ni kiraka. Mhariri alisema ule wa kwanza una kiburi, nikachora mwingine kwenye kipande cha karatasi ukubwa wa stempu, nikakikata kwa wembe na kukibandika juu. Kwenye kitabu kilichochapwa huoni kitu. Kwenye karatasi yenyewe, ukiinama ukatazama kwa ubavuni, kiraka kimeinuka na gundi imeanza kugeuza ukingo wake njano.

Hiyo ni picha moja. Vitabu vitatu vya mwanzo nilichora kwa mkono vyote: rangi za maji, wino, penseli, na kalamu za wino wa rangi hapa na pale. Vitatu vya kati ni nusu mkono nusu kompyuta. Vitatu vya mwisho ni kompyuta tupu. Hakuna karatasi, kuna faili tu.

Sasa wenzangu mliopita njia hii, naomba mnisaidie. Maneno ya hadithi niyaweke ukutani au niache picha zijitetee zenyewe? Hizi za kompyuta nazo ni "picha halisi" au nitaonekana nimekuja kuuza mabango? Na viraka, alama za penseli, maandishi ya mhariri pembeni, je, nivifiche chini ya fremu? Nina aibu navyo, sitadanganya.

---

Fundi wa Fremu:

Hongera dada. Miye si mchoraji, ninafunga fremu, kwa hiyo mambo ya hadithi nawaachia wenye nayo. Nitasema ya mikono.

Usibandue kiraka. Rudia tena: usibandue. Gundi iliyokwisha kuwa njano imeshaingia kwenye karatasi, na ukivuta utaondoka na sungura na mto wake. Kama lazima kishughulikiwe, kipelekwe kwa mtu aliyesomea kutunza kazi za karatasi. Si kwangu, wala si kwa binamu yako mwenye mikono mizuri.

Picha yenyewe isiguse kioo. Kati yake na kioo panatakiwa pawe na kadi nene iliyokatwa dirisha, na hiyo kadi iwe isiyo na asidi. Kadi ya bei rahisi hubadilika rangi kwa ndani na kuacha mstari wa hudhurungi kuzunguka picha, na mstari ule hautoki. Kioo nacho hutoa jasho hali ya hewa ikibadilika. Rangi ya maji iliyolala juu ya kioo chenye jasho unajua mwenyewe itakuwaje.

Selotepu ni haramu. Niliwahi kuletewa picha nzuri ya penseli iliyofungwa na mtu mwingine. Kaishika pande zote nne kwa selotepu, imekazana kama ngozi ya ngoma. Karatasi hutanuka na kunywea kadiri unyevu unavyopanda na kushuka; hii haikuwa na pa kwendea, ikajikunja katikati mawimbi mawimbi. Picha hushikwa juu tu, kwa vibawaba viwili vya karatasi laini ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano. Inaning'inia, inapumua. Siku ukitaka kuitoa unalowesha kidogo, kibawaba kinaachia, hakijaacha alama.

Wengi siku hizi wanataka plastiki ngumu ya akriliki badala ya kioo, kwa sababu ni nyepesi na haivunjiki njiani. Sawa kwa wino na rangi za maji. Ila kama una picha za mkaa au za chaki laini, usiziweke chini ya akriliki ya kawaida. Plastiki ile hushika umeme wa msuguano, inavuta unga wa chaki kutoka kwenye karatasi kama nywele zinavyovutwa na kitana kikavu.

Sasa mwanga, hapa ndipo watu hulia. Umesema umetumia kalamu za wino wa rangi. Nyingi kati ya hizo si chembe za rangi, ni maji yaliyotiwa rangi, na mwanga huyala. Hata rangi za bomba zipo zinazokimbia. Ile nyekundu nzito ya alizarini, soma ubavuni mwa bomba: ukiona PR83, ndiyo hiyo. Waambie wenye ukumbi taa zisizidi laksi 50 juu ya picha; laksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu. Wasikuambie "giza sana", ndicho kiwango cha kawaida kwa kazi za karatasi na macho huzoea baada ya dakika chache. Madhara ya mwanga hujumlishwa, hayasameheki. Chukua siku 36 za kufungua, saa 8 kila siku: kwa laksi 50 picha imekula laksi 14,400 za saa, kwa laksi 500, ambazo utazipata ukiwa karibu tu na dirisha, imekula 144,000. Kioo kinachozuia mionzi ya urujuanimno husaidia, ila hakiifanyi picha kuwa jiwe.

Tena, mita 22 si nyingi kama unavyodhani na si chache kama utakavyodhani wiki ya mwisho. Fremu za upana wa sentimita 50 zenye nafasi ya sentimita 20 katikati zinaingia 31, zikibanana kama abiria. Ukiweka 18, kila moja inapata zaidi ya sentimita 65 za kupumulia. Mimi ningeweka 18.

---

Wino Mweusi:

Fundi kamaliza ya karatasi. Niseme ya faili, maana mimi tangu nianze sijawahi kulowesha brashi.

Dada, acha kuomba radhi. Ukiingia ukumbini huku unasema "hizi ni za kompyuta tu," wageni watazitazama hivyohivyo, kama "tu". Kilichochorwa ni kilichochorwa. Kinachokupasa ni kuhakikisha chapa yake ni ya heshima. Fungua faili kabla hujamwahidi mtu ukubwa. Ukurasa wa A4 uliouandaa kwa nukta 300 kwa inchi una pikseli 2480 kwa 3508. Ukiukuza ufike A2, pikseli ni zilezile, sasa zimekuwa 150 kwa inchi. Kwa picha inayotazamwa kutoka hatua mbili inakubalika. Ukitaka ukuta mzima, haikubaliki, utaona ngazi kwenye kila mstari. Chapa kwa wino wa chembe, kwenye karatasi ya pamba, na utafute faili la kabla ya kubadilishwa kuwa rangi nne za kiwandani. Lile ulilompelekea mchapishaji limeshapoteza kijani na buluu kali, na hazirudi ukilibadilisha tena. Ukichapa nakala za kuuza, amua idadi mapema, andika namba na saini kwa penseli, na idadi ikishatangazwa usiongeze hata moja.

Kingine ambacho hukuuliza: mkataba. Umesema vitabu 9. Umesoma mikataba 9? Karatasi inaweza kuwa yako na haki ya kuizalisha ikawa umempa mchapishaji. Au kinyume chake, nimeona mkataba ambao picha zenyewe zilibaki kwa mchapishaji, na mwenzangu mmoja aligundua siku ya kuzifunga fremu. Ukiuza picha halisi, fahamu kwamba kwa kawaida unauza karatasi, haki ya kunakili haimfuati mnunuzi, na hilo liandikwe kwenye risiti. Mabango ya matangazo, kadi, picha za mtandaoni za ukumbi, kila kimoja kiombewe ruhusa kwa maandishi. Barua fupi, mistari mitano, lakini iwe barua.

Na wenye ukumbi wakuandikie nani analipa usafiri, nani analipa bima, na bima ianze picha inapoondoka kwako hadi inaporudi kwako, si "ikiwa ndani ya ukumbi" peke yake. Picha nyingi huumia garini. Piga picha kila kazi mbele na nyuma kabla haijaondoka, andika kila doa lililokuwepo, wote mtie saini. Kiraka chako kiandikwe pia, la sivyo siku ya kurudisha watakuambia kilikuwa hivyo au hakikuwa hivyo.

Kuhusu maneno: usiweke. Picha ikihitaji maelezo ukutani imeshindwa.

---

Penseli Butu:

Asanteni sana. Fundi, nimekusoma nikaenda moja kwa moja kwenye droo, roho juu. Kitabu cha pili, bibi anayefuma. Nilimvalisha gauni la waridi kali kwa kalamu za wino wa rangi, najua ni waridi kali kwa sababu kitabu kiko mbele yangu. Picha moja ya bibi huyo niliwahi kuiweka kwenye fremu juu ya meza yangu ya kazi, dirisha liko mkono wa kushoto, miaka minne hivi. Nyingine zote zilikaa gizani. Nimezipanga kando kwa kando: mabibi kumi na moja wamevaa waridi, wa kumi na mbili amevaa rangi ya chai ya maziwa. Nilikuwa namwona kila asubuhi na sikujua anaondoka.

Wino Mweusi, mikataba nimeitoa. Wa kitabu cha kwanza una kurasa mbili na sielewi hata moja. Nimewaandikia wachapishaji wote. Ila kwenye maneno sikubaliani na wewe bado, sijui tu kwa nini.

---

Bi Kurasa:

Nitakusaidia kujua kwa nini, mwanangu, na Wino Mweusi anisamehe.

Mimi ni mkutubi. Nimesomea watoto hadithi kwa sauti kwa miaka mingi kuliko umri wa baadhi yenu. Mtoto asiyejua kusoma, ninapomsomea, hatazami mdomo wangu. Anatazama picha, na anasubiri. Nikisema "sungura hakuogopa," macho yake yanakimbilia masikio ya sungura, anayaona yamelala nyuma, anacheka. Kajua kitu ambacho maneno yamekidanganya. Utamu wa kitabu cha picha uko hapo, kati ya vile viwili, na ukiondoa kimoja unabaki na nusu mkate. Wino Mweusi anasema picha inayohitaji maneno imeshindwa. Hiyo ni kweli kwa picha iliyozaliwa peke yake. Hii ilizaliwa pacha.

Lakini usibandike maandishi ya hadithi pembeni ya kila fremu, watu wazima watasoma ukuta na kusahau kutazama. Chukua kitabu kimoja, kimoja tu, ukionyeshe kwa mfululizo. Vitabu vyako vingi nadhani ni vya kurasa 32 kama ilivyo kawaida, kwa hiyo michoro mikubwa ya kurasa mbilimbili ni kama kumi na miwili au kumi na mitatu. Itundike yote, kwa mpangilio, karibu karibu, ili mtu atembee kutoka kushoto kwenda kulia kama anavyofunua. Pale ambapo kitabuni kuna kufunua ukurasa kwa mshangao, acha nafasi kubwa kidogo, au ipeleke picha inayofuata upande wa pili wa kona. Hapo mwili wa mtazamaji ndio unaofunua. Kisha chini yake weka vitabu vyenyewe, vimefungwa kwa kamba, watu washike. Maneno yatakuwa mkononi mwao, picha ukutani, na ile kazi ya kuviunganisha wataifanya wenyewe kwa shingo zao.

Urefu sasa. Majumba mengi hutundika katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Ni urefu mzuri sana kwa mtu mzima aliyevaa viatu. Mtoto wa miaka mitano ana urefu wa kama sentimita 110 jumla, macho yake yako karibu na 100. Umechora kwa ajili yake, halafu umwonyeshe makalio ya wakubwa? Shusha mfululizo ule ufike 115. Watu wazima wainame, hawatavunjika.

Na hiyo aibu ya kuuliza kama michoro ya vitabu inastahili ukuta, iache. Maonyesho ya kitabu cha watoto ya Bologna, Italia, yale ya kibiashara yaliyoanza 1964, yana maonyesho ya wachoraji tangu 1967. Tokyo kuna jumba la makumbusho la michoro ya vitabu vya watoto tangu 1977, lilijengwa pale alipoishi mchoraji Chihiro Iwasaki. Marekani kuna la mchoraji Eric Carle, lilifunguliwa 2002. Yule kazi zake zilikuwa vipande vya karatasi nyororo alizozipaka rangi mwenyewe, akakata, akabandika. Viraka vitupu, mwanangu! Umeona mtu anavionea haya?

Kiraka cha sungura usikifiche. Weka rasimu ya uso wa kwanza ule wenye kiburi pembeni yake, kama bado unayo.

---

Mtunga Hadithi:

Nipite haraka. Bi Kurasa kasema vyema, ila maneno yana mwenyewe. Kama hadithi hukuitunga wewe, hata sentensi moja ukutani inahitaji ruhusa ya aliyeitunga au mchapishaji wake. Niliwahi kuingia kwenye maonyesho nikakuta aya yangu imeandikwa kwa herufi za sentimita 20 juu ya mlango, jina langu halipo popote. Mchoraji ni rafiki yangu mpaka leo. Ila niliumia. Mpigie simu mwandishi wako, pengine atakubali kuja kusoma siku ya kufungua, na hiyo itakuwa bora kuliko herufi zozote.

---

Wino Mweusi:

Bi Kurasa, shikamoo. Ya kamba na kitabu mkononi nimeyakubali. Ya herufi ukutani bado sijakubali.

Swali kwa mwenye mada: hizo siku tatu za kukaa mezani umezipangia nini? Maana mimi niliwahi kukaa hivyo, siku ya kwanza nikaja na kazi ya kweli yenye tarehe ya mwisho. Sikuchora mstari hata mmoja wa maana. Kila dakika mbili mtu anauliza "unachora nini?" na ukimjibu mkalimkali umeharibu ziara yake. Peleka kazi ambayo inaweza kukatizwa. Kuchora wanyama kwa oda ya watoto, kwa mfano. Kazi ya pesa iache nyumbani.

---

Fundi wa Fremu:

Na meza isiwe chini ya picha. Maji ya kusuuzia brashi yana tabia ya kuruka.

Yule bibi wa rangi ya chai usimtupe.

---

Penseli Butu:

Nimerudi, wiki tatu baadaye. Mlinifungua macho mno, nikaona si vizuri kuondoka kimyakimya kama kawaida yangu.

Nilikata magazeti kwa ukubwa wa fremu, nikayatandaza sakafuni kwa mstari na kuandika jina la picha kwenye kila moja. Nilihamisha gazeti moja siku nzima. Halafu nikakumbuka sentimita 115 za Bi Kurasa, nikabandika magazeti ukutani kwa urefu huo, nikapiga magoti nikatembea kwa magoti kutoka mwanzo hadi mwisho. Mume wangu aliingia akasimama mlangoni. Hakuuliza.

Kwa magoti nikaona kitu ambacho kwa miguu sikukiona. Ile anga tupu juu ya sungura, kutoka kule chini, si tupu tena. Ni kubwa. Mtoto yuko sawasawa na sungura, maji mbele yao, na juu yao wote wawili kuna eneo lisilo na mtu. Wakati naichora nilidhani naacha nafasi ya maneno. Mwandishi nilipompigia nikamsimulia, akanyamaza kidogo kisha akasema ile mistari minne alikuwa na mpango wa kuifupisha iwe miwili tangu mwanzo, mhariri ndiye aliyekataa. Amekubali kuja kusoma siku ya kufungua. Amesema pale kwenye mto atanyamaza kabisa.

Kwa hiyo mpango ni huu. Kitabu cha kwanza chote, michoro 12, kwa mfululizo, sungura akiwa baada ya kona. Vitabu vitatu kwa kamba chini yake. Upande wa pili, picha 3 za kompyuta zilizochapwa kwenye karatasi ya pamba, A3 tu, kwa sababu faili za kitabu cha saba nilikuta nimezihifadhi ndogo kwa uzembe wangu na A2 zilikuwa zinatoka ngazi. Pembeni ya moja nitaweka tabaka zake: chapa moja ya mistari mitupu, moja ya vivuli, moja ya rangi, ili mtoto aone kwamba kompyuta haikuichora mimi nikiwa nimelala. Karatasi za mhariri zenye maandishi yake mekundu nimepewa ruhusa kuzionyesha mbili. Alicheka, akachagua mwenyewe zile ambazo hakuwa mkali.

Mabibi wawili, wa waridi na wa chai, watakaa kwenye fremu moja yenye madirisha mawili. Yule wa waridi ni chapa niliyopiga kutoka kwenye skani ya zamani. Halisi zake zinabaki droo, gizani. Wa chai hana cha kupoteza tena, kwa hiyo yeye ndiye halisi. Chini nitaandika ukweli huo, mistari miwili. Wino Mweusi utanivumilia.

Kuhusu meza: watoto watakunja karatasi moja mara tatu ipate vyumba vinane, wakate mpasuko mmoja katikati, wasukume ncha mbili zikutane, na karatasi inageuka kijitabu chenye kurasa nane bila gundi wala uzi. Nimewafanyia majaribio watoto wa jirani. Wa miaka sita aliharibu tatu, ya nne ikakubali, akachora paka kwenye jalada, na ndani kurasa zote akaziacha nyeupe. Nikamuuliza hadithi iko wapi. Akasema paka ametoka.

Mkataba wa kitabu cha kwanza, ule wa kurasa mbili: karatasi ni zangu. Nilikaa chini niliposoma barua ya mchapishaji.

Kumebaki kiraka. Rasimu ya uso wa kwanza wa sungura niliipata, ilikuwa imeshika nyuma ya daftari la michoro la mwaka ule, na kweli ana kiburi, mhariri hakukosea. Itakaa kwenye kifremu kidogo kando. Msimamizi wa maonyesho ameniuliza kama kiraka kishughulikiwe kabla ya kufungua. Mtunza kazi za karatasi amekitazama kwa lenzi, akasema hakijalegea na hakitaanguka kwa wiki 6, ukingo tu ndio umeinuka. Nimemwambia msimamizi kiachwe, na taa ya picha ile ije kutoka ubavuni, ili ukingo utupe kivuli.

---

Fundi wa Fremu:

Sawa. Laksi 50 lakini.